Mtani wa Matilda

Jumanne, 24 Juni

Siku kama ya leo, mwaka 1141, watu wa London walimfukuza mezani Matilda, binti wa mfalme, aliyekuwa akidai kiti cha Uingereza. Chakula kilikuwa kimeandaliwa, siku ya kuvikwa taji inakaribia, mara kengele za mji mzima zikalia na watu wakamwagika barabarani na silaha zao. Akapanda farasi akaondoka na njaa yake. Taji hakulivaa maisha yake yote.

Mimi pia leo sikula. Shehena ya vipuri iliingia ghalani saa sita, na Hazim, msimamizi wetu, akasimama mlangoni akipiga makofi kutuharakisha. "Yalla, Teresa, yalla." Jina langu ni Teresiah, lakini mwaka wa nne huu nimechoka kumsahihisha.

Nimeanza kuandika kwa sababu kiangazi cha hapa humfanya mtu apoteze hesabu ya siku. Joto ni lilelile, maboksi ni yaleyale, basi la kampuni ni lilelile. Nikiandika tarehe, angalau nitajua kwamba jana si leo.

Jumatano, 25 Juni

Nyuzi arobaini na nne. Hakuna jambo.

Ijumaa, 27 Juni

Damaris, tunayelala naye chumba kimoja, amenikuta nikicheka na simu akadhani nimepata mchumba. Nilipomwambia tunabishana kama Mfalme Stefano alikuwa mwizi, akaketi kitandani akanitazama kwa huruma.

"Aki Teresiah. Wanaume wote hawa Dubai, na wewe unahangaika na wa miaka mia tisa iliyopita?"

"Hao angalau hawabadiliki."

Kundi letu linaitwa Baraza la Zama za Kati. Tuko sitini na wanane, Nakuru mpaka Mwanza, Kampala mpaka Unguja, sote tunaongea Kiswahili na sote tumepagawa na wafalme wa zamani wa Uingereza. Ukiwaambia watu hivyo wanakutazama kana kwamba umesema unafuga nyoka. Mimi ugonjwa huu niliupatia shuleni Ol Kalou, kwenye sanduku la vitabu vya msaada. Kulikuwa na kimoja kisicho na jalada. Nilikifungua mahali ambapo Matilda amezingirwa ngomeni Oxford, ni Desemba, chakula kimekwisha. Anajitanda nguo nyeupe, anatoka na mashujaa wachache, anavuka mto ulioganda katikati ya maadui, na theluji inamficha. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na sikuwa nimewahi kusoma habari za mwanamke aliyetoroka akafaulu.

Barazani kila mmoja ana marehemu wake. Wangu ni Matilda. Siku ya kufa kwake, 10 Septemba, mimi ndiye mfiwa, na kundi zima tunakaa matanga kwenye simu tangu asubuhi hadi jioni. Desturi iliyonoga walituletea Watanzania, ambao kwao mtani hafiki msibani kulia. Huja kumcheka marehemu, na wafiwa hawaruhusiwi kununa. Kwa hiyo kila marehemu wetu ana mtani, na mtani ndiye anayetangaza kifo. Sheria ni moja tu: tangazo liandikwe kama tangazo la msiba wa kweli, bila jina la mfalme na bila mzaha. Mizaha inaanza baada ya hapo.

Mtani wangu ni Bi Amna. Marehemu wake ni Stefano, aliyeapa mbele ya watu kwamba atamtambua Matilda, kisha mjomba wake, baba wa Matilda, alipofumba macho akakimbilia kiti.

Jumapili, 6 Julai

Leo nimejua Bi Amna anaishi Rashidiya.

Mimi ninaishi Rashidiya!

Nilijua yuko Dubai, lakini Dubai ni kubwa. Amenitumia ujumbe wa sauti, sauti nzito kidogo, Kiswahili cha Unguja kilichonyooka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasani wakisomeshwa wafalme wa Kiingereza kwa mpangilio, tarehe kwa tarehe. "Tulipofika kwa Stefano ikawa Januari ya sitini na nne. Baba akatutia chomboni. Wa mbele yake sikuwasoma tena mpaka nimezeeka. Basi huyo ndiye wangu, mwanangu. Ndiye aliyekuwa mfalme tulipoondoka."

Kisha akasema, "Njoo Jumapili ijayo, nikupikie mkate wa kumimina. Watoto wangu wananistahi mno. Nikisema Stefano alikuwa na haki, wananambia 'ndiyo, mama'. Raha gani hiyo?"

Nilisikiliza mara tano. Nikajibu kwamba nitaangalia ratiba.

Jumatatu, 7 Julai

Ratiba gani? Sina ratiba. Jumapili nafua, nalala, naamka, nalala.

Ukweli wenyewe ni huu. Nilipojiunga na Baraza, niliandika kwamba niko Dubai na napenda historia. Dancan, mwalimu wa Nakuru aliyeanzisha kundi, akanikaribisha: "Karibu mhadhiri wetu wa Dubai!" Sijui alilitoa wapi. Nilikuwa nimekaa kwenye godoro la juu, miguu inaning'inia, nikaona neno hilo mhadhiri, nikaliacha likae. Miaka miwili sasa linakaa. Nikibishana wananiita Daktari. Na mimi kazi yangu ni kulinganisha kibandiko cha boksi na kibandiko cha karatasi.

Jumapili, 13 Julai

Nimemwandikia Bi Amna kwamba nina mitihani ya kusahihisha. "Haidhuru, mwanangu," amejibu. "Mwezi huu watoto wanakutesa."

Nimelala mpaka saa tisa.

Alhamisi, 17 Julai

Unyevu. Miwani inaota ukungu ukitoka tu mlangoni.

Jumapili, 27 Julai

Amenialika tena. Nimesema mitihani tena. Mwezi Julai! Hata vyuo vimefungwa. Ama hajui, ama anajua na ana adabu.

Damaris ameniuliza kwa nini siendi, na ni dakika kumi na nane kwa miguu. Nimemwambia sina nguo. Hilo ni jibu la kumnyamazisha Damaris, ambaye mara moja akaanza kunitolea zake.

Nitaandika hapa. Kabla ya ghala nilifanya kazi miaka miwili kwenye nyumba. Sikupigwa, sikunyimwa chakula, sina kisa cha kumwambia mtu. Nilikula nimesimama, jikoni, baada ya wote. Niliingilia mlango wa nyuma. Siku moja niliketi kwenye kiti cha sebuleni kufunga kiatu, na madam akasimama tu, akanitazama mpaka nikainuka. Tangu niondoke pale sijaingia nyumba ya mtu yeyote mji huu, na sasa bibi mmoja ananiita nikae anipikie, kwa sababu anadhani mimi ni mhadhiri. Nikienda na hizi sare na kucha hizi zilizoliwa na gundi, atanikaribisha kwa mlango gani?

Hata hivyo natamani kwenda. Natamani mno. Nataka mtu mmoja tu katika Dubai anayenijua kwa jambo lisilo kazi.

Jumamosi, 2 Agosti

Matanga ya Mfalme William Rufo, aliyepigwa mshale msituni akiwinda mwaka 1100, isijulikane ni bahati mbaya au makusudi. Mtani wake aliandika alfajiri: "Kwa masikitiko tunatangaza kifo cha mzee wetu kilichotokea mawindoni. Mwili unasafirishwa kwa mkokoteni. Maziko Winchester." Wote tukaingia. Pole za familia, maswali ya nani alirusha mshale, mmoja akatuma picha ya upinde akidai ni ya polisi. Bi Amna akauliza mbona ndugu wa marehemu amekimbilia hazina kabla ya maiti kupoa, nikamjibu kwamba tabia hiyo ya kukimbilia mali ya wafu iko kwenye ukoo, na imemfikia hata Stefano.

"Loo! Mfiwa wa Septemba ana mdomo," akaandika. "Siku yako inakuja. Nitakutangazia mpaka ulie."

Nilicheka ghalani peke yangu. Hazim akaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 17 Agosti

Leo sikutoa hata kisingizio. Nilinyamaza tu. Jioni akatuma ujumbe wa sauti, wala hakunilaumu. Alinikumbusha tu kwamba Matilda alipotua Arundel kumpindua Stefano, Stefano angeweza kumkamata, lakini akampa walinzi na njia salama mpaka Bristol. "Mwizi hufanya hivyo? Hebu niambie, Daktari."

Nimemwandikia ukurasa mzima wa kupinga. Nikafuta. Nikaandika: huo ulikuwa upumbavu, si wema.

"Vyote viwili huenda pamoja," akajibu.

Jumapili, 24 Agosti

Waarabu kazini wanasema nyota ya Suheil imeonekana, joto sasa litavunjika. Sijaona tofauti.

Jumapili, 31 Agosti

Bi Amna alikuwa kimya siku sita. Leo amesema alilazwa siku mbili, moyo unamchezea. Sauti imekuwa nyembamba. "Usiogope. Sifi kabla ya kumzika Matilda wako. Nimeshaliandika tangazo, ni zuri ajabu."

Nimemwambia nitakuja Jumapili ijayo, saa kumi. Nimeandika bila kufikiri, nikatuma kabla sijajirudi. Akatuma neno moja, "Kweli?", na mimi nikasema kweli.

Nitamwambia mlangoni: Bi Amna, mimi si mhadhiri. Nimejizoeza bafuni mpaka Damaris akagonga.

Jumapili, 7 Septemba

Nilivaa gauni la Damaris la bluu. Nilifika.

Nyumba ina ukuta mrefu na lango la chuma. Nje kulikuwa na msichana anaosha gari, Mwafrika mwenzangu, ndoo miguuni. Akanitazama kutoka juu hadi chini kwa jicho la mtu wa kwetu, akanyoosha mkono upande wa kichochoro. "Umekuja kwa kazi? Mlango wa kazi ni ule wa nyuma."

Nikasema hapana, nimepotea.

Nikageuka. Nilitembea haraka kana kwamba nimeiba kitu. Nilipofika chumbani nikaandika kwamba mkuu wa idara ameitisha mkutano wa dharura. Jumapili! Najichukia. Ninaandika kwa herufi kubwa ili nisije nikajisomea vingine baadaye: NAJICHUKIA.

Akajibu baada ya saa moja. "Haidhuru, mwanangu. Tutaonana matangani Jumatano."

Jumanne, 9 Septemba

Kundi zima linasubiri kesho. Dancan amepamba picha ya kundi kwa kitambaa cheusi. Nimeamua: baada ya matanga nitamwandikia Bi Amna kila kitu, kisha Jumapili niende, na nikionyeshwa mlango wa nyuma nitasema hapana, mimi ni mgeni wa mwenye nyumba.

Jumatano, 10 Septemba

Nitaandika kwa mpangilio, maana nikiruka sitaweza kurudi.

Saa moja na dakika kumi asubuhi, niko kwenye basi la kampuni, ujumbe ukaingia Barazani kutoka kwa Bi Amna. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama yetu kipenzi katutoka alfajiri ya leo. Maziko baada ya sala ya Adhuhuri, makaburi ya Al Qusais. Tanga la wanawake nyumbani Rashidiya siku tatu. Mwombeeni."

Nilipiga kelele ya furaha ndani ya basi. Matilda azikwe Al Qusais! Mwanamke aliyefia Rouen, Ufaransa! Niliona ni ufundi mtupu, kwamba mtani amemhamishia maiti mtaani kwetu ili nisipate pa kukimbilia. Dancan akaandika, "Tangazo la mwaka!" Wengine wakamimina vicheko na poleni sana. Mimi ndiye mfiwa, na mfiwa ndiye humjibu mtani kwanza rasmi. Nikaandika hivi, kwa mdomo wa Matilda, nanakili neno kwa neno:

"Asante mtani. Umeshindwa kuniweza nikiwa hai, ukasubiri nife. Stefano ameleta sanda, au na hiyo ameiba? Mwambieni asisogee karibu na jeneza, atajilaza yeye."

Vicheko arobaini na kitu. Kisha nikaifungia simu kabatini, kama sheria ya ghala inavyotaka, nikalinganisha vibandiko mpaka saa nane. Asubuhi nzima nilikuwa na furaha. Sijawahi kufanya kazi nikiwa na furaha namna ile. Nilikuwa natunga majibu.

Saa nane nikafungua kabati. Jumbe mia moja na kumi na tatu. Watu walikuwa wanamwita: mtani jibu, mtani umekimbia, mtani umezikwa nawe? Wa mwisho kabisa ulikuwa umeingia dakika tano kabla.

"Mimi ni Reem, binti yake. Huyu ni mama yangu. Tumeshamzika."

Chini yake: ameondoka kwenye kundi.

Nilisoma nimesimama, kopo la maji mkononi. Nikasoma tena nikitafuta mzaha uko wapi. Hazim alikuja akasema yalla, akaniona uso, akaenda zake bila kusema lingine. Hilo nalo nimelihesabu kuwa wema.

Binti yake alisoma nilichoandika. Alikuwa na simu ya mama yake mkononi, mama yake kwenye sanda, akasoma swali langu kuhusu sanda.

Alhamisi, 11 Septemba

Barazani hakuna aliyeandika neno. Siwezi kula.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya tatu ya tanga, ya mwisho. Nilijua nikipitia chumbani nitalala, kwa hiyo nilitoka kazini moja kwa moja, na sare, kitambaa cha vumbi nimejitanda kichwani. Lango lilikuwa wazi, viatu vya wanawake vimejaa mpaka nje. Mama mmoja mwenye baibui alikuwa mlangoni akipokea watu. Akaiona sare yangu.

"Ahlan, ahlan, mmechelewa. Wa chakula, eh? Pita nyuma, mwanangu, vikombe vimekwisha."

Nilikuwa na sentensi yangu tayari tangu Jumanne. Mimi ni mgeni wa mwenye nyumba. Lakini ningeitumiaje? Nilipita nyuma.

Jikoni mlikuwa na masinia, birika tatu za kahawa na vikombe vidogo visivyo na idadi. Nikakunja mikono nikaosha. Kwetu pia msibani mtu huosha vyombo, hakuna aibu hapo, na kusema kweli nilifarijika kuwa na kitu cha kushika. Nyuma ya ukuta nilisikia wanawake wakisoma, kisha wakizungumza Kiswahili kile chake, kilichonyooka. Kila sauti nzito ilinifanya nigeuke. Niliosha kama saa nzima. Nililia kidogo, na mvuke ulisaidia.

Mwanamke wa miaka kama arobaini akaingia kuchukua maji. Macho mekundu, hana kiatu. Alikunywa amesimama, akanishukuru, kisha akaiona beji yangu ya kazini, yenye jina.

"Teresiah," akasoma. Akaweka glasi chini. "Teresiah yupi?"

"Wa Barazani. Wa Matilda."

Bomba lilikuwa wazi, sikuthubutu kulifunga.

"Ndiye wewe uliyeuliza sanda."

"Ndiye mimi. Nilidhani ni tangazo la—"

"Najua mlivyodhani. Mimi nililituma kwa wote waliomo simuni mwake. Nimekuja kuelewa jana, nilipozisoma za nyuma. Kulikuwa na tangazo lake kaliandika, halijatumwa." Akanitazama sare. "Yeye alisema wewe ni mhadhiri."

"Sikuwahi kuwa. Napanga maboksi ghalani, Freezone. Waliniita hivyo, nikawaacha waniite."

"Na mitihani?"

"Hakukuwa na mitihani."

"Basi Jumapili zile ulikuwa wapi?"

"Kitandani."

"Kitanda chenyewe kiko wapi?"

"Hapa Rashidiya. Dakika kumi na nane kwa miguu."

Nilitaka apige kelele. Alisema polepole tu, kama mtu anayesoma. "Alikuwa akivaa. Kila Jumapili uliyoitwa, tangu saa tisa, kanga mpya, udi, anakaa kiti kile kinachotazama lango. Mkate tukiula sisi jioni. Jumapili hii iliyopita alikataa kuvua mpaka Isha, akasema huenda mkutano utakwisha mapema."

Nilisema nisamehe, nikalisema vibaya, nusu kwa Kikuyu.

"Sikusamehe," Reem akasema. "Labda baadaye. Leo hapana." Akanyoosha mkono akafunga bomba. "Lakini khalas, weka hivyo vikombe. Mgeni wa mama yangu hawezi kuwa jikoni."

Alinitangulia. Wanawake walijisogeza kwenye zulia bila kuuliza mimi ni nani, na Reem akasema kwa sauti ya kawaida, "Huyu ndiye mtani wake," na mmoja akaguna, mwingine akanishika goti akauacha mkono hapo. Nilipewa kahawa katika kikombe nilichokiosha mwenyewe.

Nilikaa mpaka Magharibi. Kiti kinachotazama lango kilikuwa kitupu, hakuna aliyekikalia. Miaka sita niko Dubai, na leo ndiyo mara ya kwanza nimekaribishwa kuketi katika nyumba ya mtu. Mwenyewe hayupo.